Kilichoachwa Nje ya Ufunguo

Miongoni mwa matini fupi ambazo uhakiki wetu haujazizoea, ufunguo wa utambuzi wa viumbe unastahili kusomwa mapema. Namaanisha ile orodha ya kauli zinazokwenda mbilimbili, ambayo mwanafunzi wa baiolojia katika sekondari za Buruburu, Makadara au Kayole huitumia kutenganisha majani na wadudu, kisha huisahau mtihani unapokwisha. Tukiitazama kwa jicho la fani, tunakuta masharti makali kuliko ya tungo nyingi za arudhi: kila hatua ina kauli mbili tu; kauli hizo sharti zikanushane bila kuacha nafasi katikati; kila moja imalizikie ama kwenye jina ama kwenye amri ya kuendelea. Jean-Baptiste Lamarck aliutumia muundo huu katika kitabu chake cha mimea ya Ufaransa cha mwaka 1778, na tangu hapo sayansi imebadilika mara nyingi ilhali umbo hili limebaki karibu lilivyokuwa. Nitaliita ufunguo wa njia panda, kwa kuwa kila hatua yake humsimamisha msomaji mahali ambapo lazima achague.

Ufunguo ninaokusudia kuusoma unahusu samaki wa sakafu ya bahari wenye miiba ya sumu, yaani samaki-jiwe na jamaa zake wadogo, nami ninausoma kutoka mitaa ya Eastlands, Nairobi, takribani kilomita 480 za barabara kutoka Mombasa. Umbali huo ni faida ya kihakiki. Mvuvi wa Lamu au Shimoni hatambui samaki kwa hatua. Humtambua mara moja, kwa jumla ya umbo, mahali, msimu na jinsi kiumbe alivyotulia chini ya maji. Ufunguo hauna la kumwambia mtu huyo ambalo halijui. Umeandikiwa mgeni, na ahadi yake ni kwamba mgeni huyo, akisoma kwa uangalifu, atafika kwenye jina lilelile. Msomaji aliyeketi katika maktaba ya Kaloleni hana kumbukumbu ya macho ya kuzibia nyufa za matini, kwa hiyo popote anapokwama, ni matini iliyokwama.

Ninauweka hapa kwa Kiswahili, nikianzia pale ambapo ufunguo mrefu umekwisha kutufikisha kwenye ukoo, na nikibakiza spishi mbili tu mashuhuri za jenasi ya Synanceia. Maneno ni yangu, lakini sifa zinazotajwa ni za jadi nzima ya wataalamu wa samaki. Ninachohakiki basi ni umbo. Neno moja linahitaji kuelezwa kabla: mwale ni ule uti mwembamba unaoshikilia utando wa pezi, na mwale uliojitenga ni ule uliotoka kwenye utando ukasimama peke yake.

1a. Pezi la kifuani halina mwale uliojitenga: tazama 2.
1b. Pezi la kifuani lina mwale uliojitenga upande wa chini, mmoja au zaidi: tazama 3.
2a. Pezi la kifuani lina miale 18 au 19. Kati ya macho kuna bonde lisilo na ukingo wa mfupa: Synanceia verrucosa.
2b. Pezi la kifuani lina miale isiyozidi 17. Macho yameinuka na kuunganishwa na ukingo wa mfupa: Synanceia horrida.
3a. Mwale uliojitenga ni mmoja: Minous.
3b. Miale iliyojitenga ni zaidi ya mmoja: tazama 4.
4a. Ni miwili: Inimicus.
4b. Ni mitatu: Choridactylus.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni usambamba. Katika jozi ya kwanza kiima hakibadiliki: pezi la kifuani, pezi la kifuani. Kinachobadilika hasa ni kitenzi, na mabadiliko yenyewe ni ya kiambishi kimoja cha ukanushi. Mshairi angeiita takriri na kuitetea kwa sababu za mahadhi; hapa takriri ina kazi ya kimantiki, kwani inamthibitishia msomaji kwamba jicho lake halijahamishwa kisirisiri kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Ufunguo mbovu hujulikana hapa: kauli ya kwanza huzungumzia pezi, ya pili ikazungumzia mdomo, na msomaji akaachwa na mambo mawili ambayo yote yanaweza kuwa kweli kwa samaki mmoja. Ufunguo mzuri huzifanya kauli zake mbili zishindanie ukweli uleule, kama ukwapi na utao wa mshororo unaokamilika kwa nusu zake zote mbili, ila hapa nusu moja lazima ikataliwe.

Jambo la pili ni mwendo wa sarufi kutoka jozi moja hadi nyingine. Kilichokuwa katika kiarifu cha jozi ya kwanza, yaani mwale uliojitenga, kinapanda katika jozi ya tatu na kuwa kiima. Katika jozi ya nne hata kiima hicho kimedondoka. Imebaki idadi tupu, miwili au mitatu, na msomaji anajua bila kuambiwa kinachohesabiwa. Kauli zinapungua urefu kadiri uhakika unavyoongezeka, na upungufu huo haukutokana na mapendeleo yangu ya maneno. Jenasi zenyewe zinatofautiana kwa hesabu hiyo, na umbo halina haja ya kurudia kilichokwisha kuthibitishwa. Tuna hapa ufupisho wa aina adimu: kila neno lililoachwa limeachwa kwa sababu hatua iliyotangulia imelilipia.

Chini ya mwendo huo kuna mfululizo ambao ufunguo hautangazi. Tukisoma matokeo tu, tunapata sifuri kwa Synanceia, moja kwa Minous, mbili kwa Inimicus, tatu kwa Choridactylus. Jenasi hizi nne zimepangika kwenye ngazi ya hesabu ya mtoto wa chekechea, na bado matini haisemi popote kwamba ngazi hiyo ipo. Mwandishi wa insha angeianza kazi yake kwa kuitaja. Mwandishi wa ufunguo hawezi, kwa sababu umbo lake linamruhusu kuuliza swali la pande mbili tu kwa wakati mmoja, na ngazi yenye vidato vinne lazima ikatwe mara tatu. Mfululizo unabaki kuwa muundo wa ndani, unaoonekana kwa anayesoma matini yote kwa pamoja na kufichika kwa anayeitumia. Huu ni mfano mzuri wa tofauti kati ya msomaji na mtumiaji: mtumiaji mwenye Minous mkononi hupita jozi ya kwanza na ya tatu tu, na hajui hata kidogo yaliyoandikwa katika ya pili na ya nne.

Minous mwenyewe anastahili kituo. Ni samaki mdogo. Minous monodactylus, aliyeelezwa na Bloch na Schneider katika kitabu chao cha mwaka 1801, hukua hadi kama sentimita 15, na huishi kwenye mchanga na tope kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi Japani. Mwale wake mmoja uliojitenga hufanya kazi ya kidole: samaki hutembea nao chini ya bahari, na ncha yake imevikwa kofia ndogo ya pekee. Kwa hiyo sifa ambayo ufunguo umeichagua ni kiungo ambacho samaki mwenyewe hukitumia kila anaposogea juu ya tope lake. Uchaguzi huo ulifanywa kwa sababu kiungo ni rahisi kuhesabika, lakini athari yake ya kifani ni kwamba kauli iliyo fupi kuliko karibu zote katika matini, ni mmoja, ndiyo inayogusa maisha ya samaki kwa karibu zaidi.

Jozi ya pili inaivunja nidhamu hii, na kuvunja huko kunahitaji kuelezwa. Ndiyo pekee inayotoa sifa mbili kwa kila kauli, idadi ya miale pamoja na umbo la mfupa kati ya macho. Katika umbo linalojivunia ubahili, kwa nini ukarimu huu? Kwa sababu hesabu ya 17 dhidi ya 18 ni tofauti ya mwale mmoja, na mwale mmoja unaweza kuvunjika ndani ya wavu au kuhesabiwa vibaya chini ya ngozi nene. Sifa ya pili imewekwa iwe shahidi. Lakini nukta inayozitenganisha inaficha swali ambalo matini haina njia ya kulijibu: msomaji afanye nini akikuta miale 18 na ukingo wa mfupa kwa pamoja? Umbo la njia panda halina barabara ya tatu. Hapo ndipo mhakiki anaona gharama ya usambamba kamili: unamridhisha msomaji mpaka siku kiumbe anapokataa kuingia upande wowote.

Kuna pia suala la mahali. Synanceia verrucosa anapatikana katika pwani yetu, kuanzia Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Synanceia horrida ni wa mashariki zaidi, kuanzia India hadi Uchina na Australia. Msomaji wa Eastlands aliyeletewa samaki kutoka Kenya angeweza kumaliza jozi ya pili kwa ramani, bila kuhesabu chochote. Ufunguo haumpi njia hiyo ya mkato. Unampa spishi asiyekuwapo nafasi sawa na aliyepo, kwa idadi ileile ya maneno, na unataka aondolewe kwa ushahidi wa mwili wake mwenyewe. Naiona hii kuwa nguvu ya fani: matini inakataa kuamini kwamba kinachotarajiwa ndicho kilichopo.

Sasa tutazame kilichokosekana. Hakuna rangi hata moja katika jozi zote nne, wala kivumishi cha kuvutia, wala neno lolote linaloeleza jinsi samaki huyu anavyoonekana kwa jumla. Kwa msomaji aliyezoea taswira, ukame huu unaweza kuonekana kuwa uvivu. Ukweli ni kwamba samaki-jiwe mwenyewe ni kazi ya sanaa dhidi ya kusomwa. Ngozi yake ina vinundu vinavyovunja mstari wa mwili. Mwani huota juu yake. Naye hulala kati ya miamba na matumbawe akisubiri mawindo yamkaribie. Minous inermis huenda mbali zaidi, akibeba juu ya ngozi yake koloni la hidroidi, viumbe wengine kabisa, hivi kwamba uso unaouona si wote wake. Kumweleza samaki wa namna hii kwa rangi ni kueleza jirani zake. Mkazi wa Umoja anayemwelekeza mgeni kwa simu hujifunza upesi kutotegemea rangi ya duka, kwani kampuni ya simu inaweza kulipaka upya wiki ijayo. Hutaja kona, ghorofa na mlango wa ngapi. Ufunguo umefuata busara hiyo hadi mwisho wake: umechagua vitu visivyooteka mwani, yaani hesabu na mifupa.

Zaidi ya rangi, kuna ukimya mkubwa zaidi, na kwangu ndio kiini cha matini hii. Sumu haimo. Samaki-jiwe kwa kawaida ana miiba 13 ya mgongoni, na kila mmoja umebeba tezi mbili za sumu. Ana mitatu mingine katika pezi la nyuma ya tumbo, na mmoja katika kila pezi la tumboni. Sumu yake ni ya protini, maumivu yake ni makali kupita kiasi, na Australia imekuwa ikitengeneza dawa ya kuizima tangu mwaka 1959. Hilo ndilo jambo ambalo mtu yeyote, kuanzia mzamiaji wa Watamu hadi mwanafunzi wa Dandora, angetaka kulijua kwanza. Ufunguo unaohusu samaki hawa unaanza na kumalizika bila kutaja mwiba wenye sumu hata mara moja.

Ni rahisi kuilaumu sayansi kwa ubaridi, lakini lawama hiyo ingekuwa usomaji mbaya. Sumu haimo kwa sababu jenasi zote nne zinayo. Kauli isemayo miiba ina sumu ingekuwa kweli kwa 1a na kweli kwa 1b, na kauli iliyo kweli pande zote mbili haina kazi katika umbo linaloishi kwa tofauti. Hata idadi ya miiba haingesaidia sana: tafi, anayevuliwa kwa wingi katika pwani yetu na kufika hadi kwenye masufuria ya Nairobi, naye ana miiba 13 ya mgongoni, naye huchoma kwa sumu, ingawa nyepesi zaidi, na hakuna atakayemdhania kuwa samaki-jiwe. Hapa umbo linatuonyesha tabia yake ya ndani kabisa. Ufunguo hupanga mambo kwa uwezo wake wa kutenganisha, na haujali uzito wa mambo hayo kwa anayesoma. Mwale uliojitenga, usio na madhara, unapewa jozi tatu. Mwiba unaoweza kumlaza mtu kitandani unapewa sifuri. Kinachowaunganisha ndugu hawa wote ndicho pekee kisichoweza kusemwa ndani ya matini inayowataja.

Ukimya huo una matokeo kwa mkono wa msomaji. Kila kauli katika ufunguo ni amri iliyojificha ndani ya sentensi ya taarifa. Kusema pezi la kifuani lina miale 18 au 19 ni kumtaka mtu alikunjue pezi hilo na kulihesabu, yaani aweke vidole vyake sentimita chache kutoka kwenye miiba ambayo matini haikuitaja. Nafsineni ya ufunguo inadhani kwamba samaki amekufa, yuko mezani, na kwamba aliyemshika anajua tayari mahali pa kumshika. Dhana hiyo haina uhakika hata kwa mabingwa. J. L. B. Smith, mtaalamu wa Afrika Kusini aliyempa silakanti jina lake la kisayansi mwaka 1939, alichomwa na samaki-jiwe katika pwani ya Msumbiji, na mwaka 1951 akachapisha maelezo ya kisa hicho. Zaidi ya hayo, mwiba hauhitaji samaki awe hai ili uchome.

Linganisha na matini nyingine zinazomhusu kiumbe huyuhuyu. Mwongozo wa rasilimali hai za bahari za Kenya, ulioandikwa na Rashid Anam na Edoardo Mostarda na kutolewa na FAO mwaka 2012, ni wa aina ya vitabu vinavyotegemea mchoro: jicho huenda moja kwa moja kwenye umbo zima, na maandishi hufuata. Maarifa ya wasaka pweza wanaotembea juu ya miamba wakati wa bamvua hayajaandikwa popote, lakini nayo yana mpangilio wake, na mpangilio huo unaanza na mguu: wapi pa kukanyaga, vaa nini, gusa kwanza kwa fimbo. Katika maarifa hayo hatari ni mshororo wa kwanza na jina huja baadaye, kama linakuja. Mpangilio wa ufunguo na ule wa mguu si ya kushindanishwa, kwani inajibu maswali mawili: huyu ni nani kati ya wanaofanana, na huyu anaweza kunifanya nini.

Je, mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuwatungia wanafunzi wa Eastlands ufunguo wa samaki hawa aiingize sumu ndani ya jozi? Nadhani hapana. Akiitia katika 1a, atamfanya msomaji aamini kwamba 1b ni salama, na usambamba uliokuwa unasema kweli utaanza kusema uongo. Akiirudia katika kila kauli, ataua ubahili ambao ndio uwazi wenyewe wa umbo. Mahali pake ni kabla ya jozi ya kwanza, katika dibaji ya mistari miwili isiyo na namba: kwamba wote wanaofuata wana miiba yenye sumu, hai au wamekufa, wasishikwe kwa mikono mitupu, na aliyechomwa atumbukize kiungo katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasiyozidi nyuzi 45, kwa kuwa joto huiharibu protini ya sumu, huku akipelekwa hospitali. Dibaji hiyo haiko chini ya sheria za umbo. Ipo kwa sababu sheria hizo zina mpaka.

Na huo mpaka ndio somo ambalo ufunguo unampa mhakiki. Tumezoea kuyasoma makimya ya matini kwa namna mbili: ama mwandishi amesahau, ama ameficha. Matini hii fupi inatupatia aina ya tatu, kitu kilichoachwa kwa sababu kimeenea kote kiasi kwamba hakitofautishi chochote. Atakayerudi kutoka kwenye ufunguo huu hadi kwenye riwaya, utenzi au taarifa ya mtaa anaweza kuliuliza kila pengo swali jipya: je, jambo hili halikutajwa kwa kuwa halipo, au kwa kuwa kila mhusika humu ndani analo?